Siku nne za kujifunza ushirika wa utafiti jijini Dodoma: nilicholipia na nilichopata

Mwezi uliopita nililipa shilingi 480,000 kutoka mfukoni mwangu, si za mwajiri, ili nihudhurie mafunzo ya siku nne ya kuandaa maandiko ya utafiti wa pamoja kati ya taasisi zetu na vyuo vya nje. Mafunzo yaliendeshwa na kampuni moja ya ushauri katika ukumbi wa kukodi maeneo ya Kisasa, na tangazo lake lilitaja mambo mawili ambayo si kawaida kuyakuta kwenye bango moja: nishati itokanayo na mimea, na uhifadhi wa bayoanuwai ya bahari, yaani wingi wa aina za viumbe wake. Wenzangu wa ofisini walinicheka. Mmoja aliuliza bahari ya Dodoma ni ipi, kama si Bwawa la Hombolo. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Idara yetu inaandaa andiko la kutengeneza ethanoli ya kupikia kutokana na makapi ya zabibu, tumepata chuo kimoja cha Ulaya kilichokubali kushirikiana nasi, na rasimu ya makubaliano ilikuwa imekaa mezani kwangu wiki tatu bila mtu wa kuniambia kama ni nzuri au ni mbaya.

Hata hilo la bahari lina jibu lake. Wizara ya Nishati, Wizara ya Mifugo na Uvuvi na Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia mazingira zote zina makao yake hapa, kwa hiyo mtafiti wa samaki wa Tanga au wa mikoko ya Rufiji hana budi siku moja kupanda kuja huku na bahasha yake. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari mwaka 2024, wanakuja na kurudi bila kulala. Kati ya washiriki 23 tuliokaa ukumbini, tisa walitoka pwani na wawili Zanzibar.

Niseme mapema ili anayetafuta jibu la haraka asisumbuke: siku ya tatu peke yake ilistahili ada yote, na siku mbili za mwanzo hazikustahili hata nusu yake.

Mapokezi hayana mengi ya kusimulia. Tuliandikiwa saa mbili kamili, tukaanza saa tatu na nusu kwa sababu ya kumsubiri mgeni rasmi, ambaye alizungumza dakika arobaini na kuondoka baada ya picha ya pamoja. Chai ya saa nne ilikuwa nzuri, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mavuno, kila meza iliwekewa sahani ya zabibu ambazo wageni wa pwani walizishambulia kuliko vitumbua. Projekta ilikuwa hafifu mno kwa ukumbi wenye madirisha makubwa upande wa magharibi, hivyo kila alasiri tulisoma slaidi kwa kubahatisha mpaka mhudumu alipoleta mapazia siku ya mwisho.

Siku ya kwanza ilihusu wafadhili. Mwezeshaji alikuwa kijana msomi, mwenye sauti nzuri na mpangilio wa kueleweka, lakini slaidi yake ya pili ilinifanya niweke kalamu chini. Katika orodha ya wafadhili wakubwa wa utafiti wa mazingira, wa kwanza kabisa alikuwa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Shirika hilo lilisimamishiwa fedha Januari 2025 na likafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Kuna watu mle ukumbini waliopoteza ajira kwa sababu hiyo. Dada mmoja wa Morogoro alipolitaja jambo hilo kwa upole, mwezeshaji alisema slaidi zitasasishwa. Sawa, lakini mtu anayeuza mafunzo ya kutafuta fedha anatakiwa kwanza ajue nani bado anatoa fedha. Ingemfaa pia aeleze kwamba misukosuko hiyo haikuanzia Marekani. Machi 2021 wakala wa utafiti wa Uingereza, UKRI, ulitangaza upungufu wa pauni milioni 120 katika fedha za miradi iliyokuwa imekwishaanza katika nchi zinazoendelea, na watafiti wa bahari wa Afrika walikuwa miongoni mwa walioambiwa wapunguze kazi katikati ya safari. Andiko la ushirika linahitaji ukurasa unaosema nini kitatokea mfadhili akijitoa, na ukurasa huo hatukufundishwa kuuandika.

Alichokifanya vizuri ni kutufafanulia mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe, unaohusu miaka ya 2021 hadi 2027. Taasisi ya Tanzania inaruhusiwa kupokea fedha zake moja kwa moja, ila haiwezi kuomba peke yake: kwa kawaida kundi la waombaji lazima liwe na angalau taasisi tatu huru kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au nchi zilizojiunga na mpango huo, na moja kati yake iwe ya nchi mwanachama wa Umoja. Sisi tunaingia kama wa nne au wa tano, na hapo ndipo unyonge wa kwanza unapoanza, kwa sababu anayeandika andiko ndiye anayegawa kazi. Halafu akatuonyesha kwamba mpango huo unatoa asilimia 25 juu ya gharama nyingi za moja kwa moja kwa ajili ya gharama za uendeshaji, yaani umeme, walinzi, wahasibu na mambo mengine ambayo hayaonekani kwenye bajeti ya mradi. Jirani yangu mezani, mhasibu wa chuo fulani, alitoa simu akaanza kupiga hesabu. Aligundua kwamba katika mradi mmoja wa zamani chuo chao hakikuomba hata senti ya fungu hilo, na mshirika wa Ulaya alikaa kimya. Alirudia hesabu mara tatu. Baada ya hapo hakusikiliza tena chochote cha siku hiyo.

Siku ya pili tulihamia kwenye nishati mimea, na hapa ndipo nilipotarajia makubwa nikapata madogo. Historia ya jambo hili nchini mwetu ni nzito. Ulaya ilipojiwekea malengo ya kuchanganya mafuta ya mimea na ya magari, kwanza mwaka 2003 na kwa nguvu zaidi mwaka 2009 ilipotaka asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe jadidifu ifikapo 2020, kampuni zilimiminika pwani yetu kutafuta ardhi ya mibono kaburi, mmea wenye mbegu za mafuta, na miwa. Waingereza wa Sun Biofuels walipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, ardhi iliyogusa vijiji 11, wakasimamisha kazi mwaka 2011. Waholanzi wa BioShape walichukua takriban hekta 34,000 Kilwa, nao wakafilisika. Wasweden wa SEKAB waliotaka kulima miwa ya ethanoli Bagamoyo walijiondoa mwaka 2009. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati mimea mwaka 2010, wakati wengi wa wawekezaji hao walikuwa wamekwishafunga virago au wako mbioni kufunga.

Mwezeshaji aliyapitia yote hayo kwa slaidi moja yenye kichwa cha maneno “Changamoto za masoko.” Ilibidi mzee mmoja wa Singida, afisa kilimo mstaafu aliyekaa nyuma kabisa, aombe nafasi. Alisema huku kwetu mibono inajulikana tangu enzi za mababu, ndiyo ua wa boma na ndiyo inayopandwa makaburini, na hakuna aliyewahi kuikuta ikifa kwa ukame. Wageni walipoona inaishi bila maji, wakadhani itazaa bila maji. “Kuishi na kuzaa ni mambo mawili,” alisema, “hata kwa ng’ombe.” Kisha akauliza kama katika tafiti zote za ushirika za wakati ule kuna iliyopima mavuno kwa miaka mitano katika shamba kavu kabla ya watu kuachia ardhi yao. Mwezeshaji alimshukuru kwa mchango na kuendelea mbele. Nadhani swali lile lilikuwa ndilo somo la siku nzima, na kampuni ingefanya busara kumlipa mzee yule badala ya kumtoza ada.

Faida niliyoipata siku hiyo ni moja, nayo naithamini. Tulionyeshwa Kiambatisho cha Tisa cha sheria ya nishati jadidifu ya Umoja wa Ulaya kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, ambacho kinaorodhesha malighafi zisizogombana na chakula na ambazo nishati yake iliruhusiwa kuhesabiwa mara mbili kwenye malengo ya usafiri. Katika sehemu ya kwanza ya orodha hiyo yamo makapi ya zabibu, na yumo pia mwani na jamaa zake wadogo wasioonekana kwa macho, mradi wakuzwe kwenye mabwawa au mitambo ya nchi kavu. Nilielewa papo hapo kwa nini mshirika wetu wa Ulaya aliipenda mada yetu haraka vile. Sisi tulikuwa tunafikiria jiko la mama lishe wa Majengo, kwa sababu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Yeye alikuwa anafikiria tangi la gari. Si dhambi, lakini ni vizuri kila mmoja ajue mwenzake anatazama wapi kabla ya kutia saini.

Siku ya tatu alikuja mwezeshaji mwingine, mama mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara za uvuvi za pwani. Hakuwa na slaidi. Alikuja na kikapu cha ukili, na ndani yake mlikuwa na bunda la nakala na kichupa cha plastiki chenye kifuniko chekundu, kidogo kama kidole gumba, cha aina inayotumika kuhifadhia kipande cha nyama ya samaki ndani ya spiriti. Alikiweka kichupa mezani, akakaa kwanza, akanywa maji, ndipo akamwita mbele kijana mmoja aliyekuwa na andiko la kuchunguza vinasaba vya mwani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kichupa hiki umekijaza Pangani, kesho kinapanda ndege. Kikifika huko, ni cha nani?”

“Ni cha mradi, mama.”

“Mradi unakaa wapi?”

Kijana alitaja chuo cha nje.

“Na mradi ukiisha, tutabisha hodi mlango gani?”

Kijana alifungua rasimu yake kutafuta jibu. Alipekua kurasa kumi na moja akaikuta sentensi moja tu, kwamba sampuli “zitahifadhiwa kwa mujibu wa taratibu za mshirika,” na haikusema mshirika yupi. Nami nikatoa rasimu yetu kwenye mkoba, kwa kujiamini, maana sisi hatuchukui samaki wala mwani. Sisi ni watu wa makapi. Katika ukurasa wa saba nilikuta kwamba aina za hamira pori zitakazotengwa kutoka kwenye ngozi za zabibu za Dodoma zitawekwa katika hazina ya vijidudu ya chuo cha Ulaya, na kwamba chuo hicho kitakuwa na uhuru wa kuzitumia kwa utafiti zaidi. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nne kwa jicho la hesabu za ethanoli. Hamira ndiyo inayogeuza sukari kuwa spiriti, na hamira iliyozoea joto la huku inaweza kuwa na thamani kuliko makapi yenyewe, na sisi tulikuwa tunaitoa kama anayegawa maganda.

Baada ya hapo mama yule aligawa nakala. Zilikuwa ibara chache za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na alitusomesha sentensi kwa sentensi kama mwalimu wa darasa la pili. Ibara ya 246 inasema utafiti wa kisayansi katika ukanda wetu wa kiuchumi wa baharini, unaofika maili 200 kutoka pwani, hufanyika kwa idhini yetu. Ibara ya 248 inamtaka mwombaji atoe maelezo kamili ya mradi si chini ya miezi sita kabla ya kuanza. Ibara ya 249 inatupa haki ya wanasayansi wetu kushiriki, kupanda meli ya utafiti, kupewa ripoti, na tukiomba, kupata takwimu zinazoweza kunakiliwa na sampuli zinazoweza kugawanywa bila kuharibu thamani yake ya kisayansi. Hapohapo ibara inaongeza kwamba wanasayansi hao wa nchi ya pwani watapanda meli bila kuchangia gharama, ila pia bila kulipwa. Ukumbi mzima uliguna. Mama akacheka, akasema ndiyo maana viti vyetu melini vimekuwa vikisafiri vitupu: mtu wetu anauliza posho ni shilingi ngapi, akiambiwa hakuna, anabaki nchi kavu, na chupa zinaondoka bila shahidi.

Kutoka kwenye neno lile la kugawanya ndipo alipojenga fundisho lake lote, nalo ni fupi: chupa mbili, si moja. Kila sampuli inayoweza kugawanywa igawanywe siku ileile inapochukuliwa, nusu ibaki katika maabara ya hapa kwa namba ileile ya usajili, na mkataba useme nani anaruhusiwa kuifungua kila moja na kwa kazi gani. Alituonyesha kwamba si ombi la kujipendekeza. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inataka matumizi ya rasilimali za kijenetiki yatanguliwe na ridhaa na masharti ya kugawana manufaa, na haijali kama rasilimali hiyo ni samaki, mwani au hamira. Kwa bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote kuna mkataba mwingine uliopitishwa New York tarehe 19 Juni 2023, ambao nao umeweka masharti ya kugawana manufaa ya rasilimali hizo.

Mshiriki mmoja wa Dar es Salaam, mchumi, aliona haya yote ni kukuza mambo. Alihoji ni fedha gani iliyowahi kupatikana kwenye kichupa cha mwani. Mama hakumjibu kwa hasira. Alieleza kwamba Wamarekani waliendesha mpango wa serikali wa kutafuta mafuta ya magari kutoka kwa viumbe wa majini tangu mwaka 1978 hadi 1996, wakakusanya zaidi ya aina 3,000 za mwani mdogo, na ingawa mafuta hayakushindana na petroli kwa bei, mkusanyiko ule uliendelea kuwa msingi wa tafiti za wengine. Kisha akataja utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science Advances. Watafiti walihesabu mfuatano wa jeni 12,998 za aina 862 za viumbe wa bahari uliokuwa umewekewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, wakakuta asilimia 47 iko mikononi mwa kampuni moja, BASF ya Ujerumani. Bayoanuwai iliyopo baharini ni ya wengi, alisema, lakini daftari la hataza lina majina machache. Mchumi aliandika namba hizo, nami nikaona ameziandika mara mbili.

Napenda pia kwamba hakuishia kwenye malalamiko, kwa sababu kuna semina za aina hii ambazo ukitoka unahisi kila mgeni ni mwizi. Mfano wake wa ushirika uliozaa ulikuwa silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani yetu, na hasa wa Tanga, walianza kuwanasa kwenye nyavu za jarife za maji marefu. Watafiti wa Japani walifanya kazi na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na makala waliyoichapisha pamoja mwaka 2011 ilionyesha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lenye vinasaba vyake tofauti, lililojitenga na wenzake kwa zaidi ya miaka 200,000. Hifadhi ya bahari ya silikanti ilikuwa imekwishatangazwa Tanga mwaka 2009, hivyo matokeo yale yaliwapa wahifadhi hoja ya kisayansi waliyoihitaji. Majina ya Watanzania yamo juu ya makala, na kwake yeye hicho ndicho kipimo cha kwanza: fungua makala ya mshirika wako ya miaka mitano iliyopita, tafuta majina ya watu wa nchi alizokusanyia sampuli, na utazame yamewekwa wapi.

Aliwashauri watu wa bahari wasikimbilie Ulaya kabla ya kugonga mlango wa jirani. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, imekuwa ikitoa ruzuku za mpango wa MASMA kwa msaada wa Uswidi, na humo ajenda hupangwa na watu wa ukanda huu wenyewe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ya Zanzibar, ipo tangu mwaka 1978. Kwa vibali alikuwa mkali: mgeni apitie COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, asije na visa ya utalii akachukua sampuli, na anayekwenda visiwani akumbuke kwamba Zanzibar wana utaratibu wao wa vibali.

Kasoro ya siku hiyo ilikuwa upande wa gharama. Mtaalamu wa maabara kutoka hapa Dodoma aliuliza chupa ya pili itakaa wapi umeme ukikatika siku mbili mfululizo, na jibu la mama, kwamba friji la nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, lilikuwa sahihi lakini fupi mno. Nani atanunua dizeli mwaka wa sita, mradi ukiwa umefungwa mwaka wa tano? Swali hilo lilihitaji alasiri yake peke yake, nalo lilipewa dakika tano kwa kuwa chakula kilikuwa kimechelewa. Tulikula saa tisa kasorobo, wali ukiwa umepoa, na sikusikia mtu akilalamika.

Siku ya nne ilikuwa ya mazoezi, na kwa kweli ilikimbizwa. Tuligawanywa makundi manne kuandika muhtasari wa andiko, kila kundi likapewa dakika kumi za kuwasilisha, na maoni ya waamuzi yalikuwa ya jumla kiasi kwamba yangeweza kusomwa kwa kundi lolote. Kundi letu liliunganisha makapi ya zabibu na mashudu ya alizeti ya Singida, na ushauri pekee tuliopewa ni tuongeze suala la jinsia. Vyeti viligawiwa saa kumi. Laiti saa mbili za mgeni rasmi na za vyeti zingerudishwa kwa yule mama, tungemaliza kusoma mikataba ya watu wote 23 badala ya sita.

Kwa upande wa huduma, watoaji ni wepesi kujibu simu kabla ya malipo na wazito baadaye. Nililipia kwa namba ya kampuni nikapewa ankara tu. Risiti ya EFD ilinifikia siku ya nane baada ya kukumbusha mara tatu. Nakala za slaidi zilitumwa kama zilivyoahidiwa, na USAID bado imo. Ada haikuhusisha malazi, jambo lililowaumiza wa pwani, kwa kuwa ilikuwa wiki ya Bunge na vyumba vya bei ya kawaida havikupatikana. Mkupuo ujao umetangazwa kwa bei ileile. Anayetaka kwenda aulize kwanza kama yule mama atafundisha, aombe kama anaweza kulipia siku hiyo peke yake (mimi nilipouliza baadaye niliambiwa “tutalitazama”), na abebe mkataba wake halisi, si muhtasari.

Nilirudi ofisini Jumatatu nikamwandikia mshirika wetu barua ya ukurasa mmoja. Niliomba kila aina ya hamira itakayotengwa ihifadhiwe pande zote mbili, matumizi yoyote nje ya mradi yaombewe ridhaa, makala ya kwanza kuhusu hamira iongozwe na mwanafunzi wetu, na suala la hataza liandikwe waziwazi badala ya kuachwa kwa “taratibu za mshirika.” Niliandika nikiwa na hofu kidogo kwamba watatuona wasumbufu na kumtafuta mwingine. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mambo matatu ya kwanza wameyakubali bila mjadala, kana kwamba walikuwa wakingoja mtu aulize. La hataza limepelekwa kwa wanasheria wao, na bado lipo huko. Wakati tukisubiri, tumeagiza vichupa 400 kwa ajili ya mavuno yajayo, nusu vya kifuniko chekundu na nusu vya bluu. Vya bluu vitabaki hapa.